Naomba ushauri: sensa ya mtiririko wa mafuta kwenye Cessna 206, Iringa

Rubani_Nduli
Kamwene wakuu. Narusha Cessna 206 ya zamani, injini ni Continental IO-520. Safari zangu nyingi ni kati ya Nduli (uwanja wa Iringa), Mufindi na Songwe. Geji za tenki nimeacha kuziamini. Juzi kwa hesabu zangu nilipaswa kutua na lita 95, tulipopima kwa kijiti tukakuta 70. Kwa mashine inayokunywa kama lita 57 kwa saa, hizo lita 25 ni dakika 26 za kuwa hewani. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Mwenye ndege amekubali tununue sensa. Fundi mmoja anasema tuifunge kati ya tenki na pampu ya injini maana hapo panafikika kirahisi. Mwingine amekataa bila kueleza sababu. Na je, kuna haja kweli, wakati ndege ilikuja na geji yake ya mtiririko?

Fundi_Uyole
Mkuu, huyo wa pili yuko sahihi. Pampu ya Continental huvuta mafuta mengi kuliko injini inavyohitaji, na yanayozidi hurudi upande wa tenki kwa bomba la marejesho. Ukiweka sensa kabla ya pampu, itahesabu hata yale yanayorudi. Utaona injini inakunywa kupita kiasi, kumbe si kweli. Mahali pake ni baada ya kitengo kinachopima mafuta pale kwenye troto (vali ya hewa inayoingia injini), kabla ya kigawanyio cha juu ya injini kinachopeleka mafuta kwenye nozeli, vile vitundu vinavyopulizia mafuta kila silinda. Kinachopita hapo chote kinachomwa.

Geji yenu ya zamani hupima presha, ila uso wake umeandikwa kama mtiririko. Nozeli moja ikiziba, presha hupanda na geji husema mafuta yameongezeka, wakati silinda ile inakosa mafuta. Sensa ya kweli ina kigurudumu kidogo kinachozungushwa na mafuta yenyewe, na kila mzunguko unahesabiwa. Ukizitazama zote mbili pamoja, nozeli iliyoziba utaishtukia mapema.

Dada_Hanga
Nimefunga kadhaa, kwa hiyo niongeze ya mikono. Nyaya za sensa zitazame juu, na mpira wa kutokea mafuta usishuke chini, la sivyo mapovu ya hewa hukwama ndani na namba zinarukaruka. Usiifunge moja kwa moja kwenye injini, mtetemo utaiua. Iwe mbali na ekzosi, na mipira ivalishwe soksi ya kuzuia moto. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba ni MARUFUKU hapa. Kipande kikichanika kitaenda kuziba kigurudumu au nozeli. Tumia dawa ya nati inayostahimili petroli.

Makaratasi nayo msiyapuuze, kaka. Hakikisheni STC ya kifaa (cheti cha kuruhusu kifungwe kwenye ndege) inataja modeli yenu, na mhandisi mwenye leseni aongee na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla ya kushika spana. Ndiye atakayesaini kitabu cha ndege.

Mzee_Mbozi
Kabla ya kununua chochote, mwanangu, tazama juu ya mabawa, nyuma ya vifuniko vya tenki. Avgas 100LL, petroli ya ndege kama yenu, ina rangi ya bluu. Mpira wa kifuniko ukichoka, mafuta hunyonywa na upepo mkiwa hewani na kuacha michirizi ya bluu. Sensa haitakwambia hilo. Yenyewe inajua yaliyopita kuelekea injini tu, habari za tenki haina.

Rubani_Nduli
Shikamoo mzee. Nimetoka uwanjani sasa hivi. Bawa la kushoto lina michirizi ya bluu hadi ukingo wa nyuma, na mpira wa kifuniko umepasuka. Nimeisimamisha ndege hadi mpira mpya ufike. Sensa bado naitaka, na itakaa baada ya troto kama alivyosema Fundi. Ikishafungwa, nitajuaje inasema kweli?

Fundi_Uyole
Jaza tenki hadi alama, ruka kawaida, kisha jaza tena hadi alama ileile ndege ikiwa imesimama palepale. Fanya hivyo mara tatu nne ujumlishe. Tuseme kifaa kimesema lita 152 na pampu ya kujazia imesema 160. Kama namba ya sensa (mapigo inayohesabu kwa kila galoni) ilikuwa 68,000, zidisha kwa 152 ugawe kwa 160, unapata 64,600. Hiyo ndiyo unaiingiza. Angalia kifaa kisiwe kimewekwa galoni wakati wewe unasoma lita. Galoni moja ya Marekani ni lita 3.785.

Mzee_Mbozi
Marahaba. Badilisha na mpira wa kulia pia, umri wao ni mmoja. Na kijiti kibaki ndani ya ndege.