Mkoba wa kujifungua: niweke nini, na nivuke feri lini? Niko Mtongwe

BintiMtongwe, Jumatatu 6 Oktoba 2025, saa 3:12 usiku
Assalaam alaykum. Naomba ushauri, matusi kando. Niko wiki ya 37, naishi Mtongwe, ng'ambo ya feri ya Likoni hapa Mombasa, na usingizi umenikataa. Nataka kujua vitu vya kuweka mkobani. Tena uchungu ukishika usiku, nivuke saa hiyo hiyo au nisubiri mpaka nione dalili gani? Na mtu akijifungulia nyumbani huongeza vitu gani? Hilo la mwisho nauliza tu.

NahodhaWaNchiKavu, saa 3:20
Feri hailali, dada. Usiku meli huwa chache, kwa hivyo kinachokula muda ni kungoja zamu, maji yenyewe ni kidogo tu. Gari la wagonjwa hupitishwa mbele. Tuktuk hupanga foleni kama wengine, basi mtu ashuke mapema akazungumze na askari wa langoni kabla hamjafungiwa katikati ya malori. Feri ikikwama, shikeni Kibundani, Dongo Kundu, Miritini, Changamwe, mtokee Makupa. Ni mzunguko mrefu lakini hauna maji ya kusubiri. Mwenye tuktuk muonyesheni njia hiyo mchana. Wengine waijua kwa jina tu, halafu saa nane usiku ndipo aanza kuuliza watu barabarani.

MamaLeso, saa 3:31
Tuache feri, turudi mkobani. Leso jozi tatu, zilizofuliwa. Leso mpya ina wanga, hainyonyi maji hata kidogo, na kazi yake ya kwanza ni kumkausha mtoto. Akishafutwa, ile iliyolowa iondolewe, afungwe kwa kavu. Watu wengi humfutia leso moja kisha wamfunga hiyo hiyo, na mtoto huchukuliwa joto na ule umajimaji hata kukiwa na joto la Mombasa. Kofia na soksi. Pedi kubwa za uzazi pakiti mbili, maana za kawaida hazihimili siku za mwanzo. Nepi za namba ndogo kabisa, pakiti moja, usinunue dazeni kwani mtoto hukua. Sabuni, ndoo ndogo, kikombe, chupa ya chai. Kitabu cha mama na mtoto, kitambulisho, na uhakikishe bima yako ya afya ya SHA inasoma kabla ya siku yenyewe. Mafuta ya nazi na beseni la kuogea acha nyumbani, kuoga kwa mtoto hungojewa saa 24.

KaimatiMoto, saa 3:34
Na mume mumuweke mkoba gani? Maana wengine huzimia wao.

ShangaziKibokoni, saa 3:40
Zamani mwanamke alirudi kwao mwezi wa saba, akalelewa na mamake. Sasa hivi mwaja kuuliza watu msiowajua. Haya, mwanangu, mamako yuko wapi?

NesiWaZamu, saa 3:46
BintiMtongwe, swali la uvuke lini lina majibu mawili, na yategemea kitu ambacho hukukitaja. Huu ni uzazi wa ngapi, na uliotangulia ulikuwaje?

BintiMtongwe, saa 3:52
Wa pili. Wa kwanza alizaliwa salama alhamdulillah.

NesiWaZamu, saa 3:53
Salama ni jibu la kumpa jirani. Kwa njia ya kawaida au kwa kisu?

BintiMtongwe, saa 4:09
Kwa kisu, Agosti mwaka jana. Alikaa makalio. Lakini kidonda kilifunga vizuri, hata kovu halionekani sana. Sasa hospitali wamenipangia kisu tena tarehe 20 mwezi huu, nami sitaki. Safari ile nilikaa wiki tatu siwezi kuinama. Mavyaa, yaani mama mkwe, amenitafutia mkunga hapa hapa, mzee anayejulikana, ameshapewa arbuni elfu tatu. Ameniambia wiki ijayo atanipa mafuta ya nyonyo uchungu uje mapema kabla mtoto hajawa mkubwa. Safari hii mtoto ametanguliza kichwa, kwa hivyo sababu ya kisu haipo tena. Ndiyo maana naulizia vitu vya nyumbani.

ShangaziKibokoni, saa 4:13
Agosti mwaka jana! Yaani mtoto wa kwanza yuko titini bado? Umembemenda mtoto, mwanangu. Mngengoja jamani.

MamaLeso, saa 4:18
Shangazi, kwa heshima yako, maziwa ya mjamzito hayana sumu. Huwa yapungua mimba ikifika mwezi wa nne au wa tano, mtoto akabaki na uji mwepesi tu, ndipo akonda na watu wakasema kabemendwa. Wa miezi 14 apewe chakula kizito mara tatu na vitafunio viwili: maharagwe, samaki, yai, parachichi. Na mama asinywe chai juu ya chakula wala juu ya tembe za damu, iachwe saa moja au mbili, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

NesiWaZamu, saa 4:35
Sasa tunaweza kuzungumza.

Kovu la nje halisemi lolote juu ya la ndani. Ngozi yaweza kukatwa kwa ulalo chini ya kitovu na mfuko wa uzazi ukakatwa wima. Mkato wa ndani uliolala upande wa chini ndio huweza kujaribiwa uzazi wa kawaida. Wa wima haujaribiwi. Hilo limeandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa ya uzazi wa kwanza, itafute.

Kuhusu makalio una hoja. Kama sababu ya kwanza haikuwa njia kuwa nyembamba, kujaribu kawaida ni jambo la kulijadili na daktari, na si kosa kulitaka. Lakini hujaribiwa penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, penye damu, na mapigo ya mtoto yakipimwa mara kwa mara. Kwa mkato wa chini na uchungu uliokuja wenyewe, kovu hufunguka kwa takriban mwanamke mmoja kati ya 200. Ikiwa kati ya uzazi na uzazi hapajapita miezi 18 au 19, hatari hupanda, na wewe huifikishi.

Likifunguka utaona nini? Maumivu yasiyoachia baina ya uchungu mmoja na mwingine. Uchungu uliokuwa mkali kukatika ghafla. Mtoto kuacha kucheza. Jasho baridi, moyo kwenda mbio. Na damu hujaa tumboni, chini hutoka kidogo tu, kwa hivyo mkunga aweza kutazama leso akasema pako shwari. Hapo mtoto ana dakika chache tu, na wewe uko ng'ambo ya maji.

Nyonyo ndiyo mbaya kuliko vyote ulivyovitaja. Huvuruga matumbo, huleta mikazo isiyo na mpangilio, na mfuko wenye kovu hautaki kusukumwa. Hata hospitali dawa za kuanzisha uchungu kwa mwenye kovu huogopwa, na nyingine hazitumiwi kabisa. Kombe, yale maji ya dua, kunywa, nyonyo usinywe.

Kwa swali lako la kuvuka: mwenye kovu hangoji uchungu wa kila dakika tano. Uchungu wa kwanza ukijipanga, au maji yakivunjika, au damu ikionekana, ni kuondoka.

BintiMtongwe, saa 4:41
Mkunga huyu amezalisha nusu ya mtaa, na wenye kovu wawili nawajua.

KaimatiMoto, saa 4:43
Hao wawili ndio waliobaki kusimulia. Na je, arbuni ya mkunga ina risiti?

PimaMara2, saa 4:58
Samahani, mimi naona kuna kitu hakikai sawa. Dada, hedhi ya mwisho ilikuwa lini?

BintiMtongwe, saa 5:02
Tarehe 10 Februari. Naikumbuka kwa sababu Ramadhani ilikuwa karibu na nilitaka kujua siku za kulipa.

PimaMara2, saa 5:07
Basi hesabuni wenyewe. Siku jumlisha saba, miezi rudisha mitatu: hedhi ya 10 Februari yaleta tarehe ya kujifungua 17 Novemba. Kutoka 10 Februari hadi leo ni siku 238, gawanya kwa saba, wiki 34 kamili. Huyu atuambia 37, hospitali imempangia kisu tarehe 20 Oktoba, mavyaa ana mkunga, mkunga ana nyonyo. Hadithi imepikwa na chumvi imezidi. Hakuna hospitali inayopanga kisu cha wiki ya 36 bila sababu. Wafungua nyuzi za hivi huwa wanatafuta watu wa kugombana usiku.

ShangaziKibokoni, saa 5:09
Nilihisi. Mtu mwenye mamake haandiki hivi.

NahodhaWaNchiKavu, saa 5:10
Na mimi nilimwelezea Dongo Kundu nzima!

BintiMtongwe, saa 5:15
Wallahi sitaki ugomvi na mtu. Wiki 37 imetoka kwenye picha ya tumbo (ultrasound). Nilipigwa tarehe 25 Agosti, ikaandikwa wiki 31. Kutoka hapo ni wiki sita. Tarehe ya kisu nimepangiwa kutoka kwenye hiyo picha. Mkitaka kuamini aminini.

NesiWaZamu, saa 5:24
PimaMara2, umefanya hesabu sahihi ukafika pasipo. Tofauti hii huonekana kliniki kila mara. Picha ya kabla ya wiki 14 hukosea siku chache tu. Ya baada ya wiki 28 hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, na watoto wakati huo wameshaachana kwa ukubwa, hivyo yaweza kukosea wiki tatu mbele au nyuma. Mtoto mnene wa wiki 28 huandikwa 31. Picha ya kuchelewa haiwezi kuifuta hedhi inayokumbukwa vizuri, isipokuwa tofauti ipite wiki tatu.

Ila naye alikuwa akinyonyesha. Hedhi za mnyonyeshaji hazina adabu. Yai likichelewa kutoka, mtoto ni mdogo hata kuliko wiki 34. Na kama ile damu ya Februari haikuwa hedhi, ni mkubwa zaidi. Kwa hivyo twataka shahidi wa tatu.

BintiMtongwe, fungua kitabu ukurasa wa mahudhurio. Kuna safu ya kimo cha mfuko wa uzazi, sentimita zake hukaribiana na wiki za mimba. Hudhurio la kwanza lasemaje, na tarehe gani?

BintiMtongwe, saa 5:37
Kitabu kiko chumbani kwa mavyaa, nimekichukua polepole. Tarehe 16 Juni, imeandikwa 18. Tarehe 14 Julai, 22.

PimaMara2, saa 5:41
16 Juni ni siku ya 126. Wiki 18 kamili kwa hedhi. Kwa picha ingekuwa 21. 14 Julai ni wiki 22. Haya, naondoa neno la kupikwa. Nyonyo bado yanishinda.

NesiWaZamu, saa 5:50
Mkono wa mpimaji hukosea kidogo, lakini vipimo viwili vya mapema vimekaa upande wa hedhi. Kwa hivyo huenda uko wiki 34. Hilo lageuza kila kitu: kisu cha 20 Oktoba kingemtoa mtoto wa wiki 36, ambaye aweza kushindwa kupumua vizuri, kupoteza joto, kunyonya kwa uvivu na kugeuka manjano. Na nyonyo wiki ijayo ingekuwa wiki 35.

Kesho asubuhi nenda kliniki na vitu vitatu: kitabu, karatasi ya picha, na karatasi ya kuruhusiwa ya Agosti. Usiseme "sitaki kisu", utaambiwa wewe ni mbishi na mazungumzo yataisha. Sema: "Tarehe ya kisu imehesabiwa kwa picha ya kuchelewa. Hedhi yangu ni 10 Februari, na vipimo vya Juni na Julai vinakubaliana nayo. Naomba daktari aangalie upya." Kisha uliza mkato wa ndani ulikuwa wa aina gani, na kama hapo hujaribiwa uzazi wa kawaida mchana na usiku au mchana tu. Uliza kundi lako la damu pia, na uwe na ndugu wawili tayari kuchangia.

MamaLeso, saa 5:56
Ongeza jeli ya kitovu mkobani, ile ya klorheksidini ya asilimia 7.1. Hupakwa kitovu peke yake, mara moja kwa siku, hadi siku ya saba. Ikae mbali na dawa ya macho, kwa kuwa vitubu vyafanana na ikiingia machoni yaunguza. Majivu hapana, mate hapana. Wanja wa nyusi nao ungoje, mwingine una madini ya risasi.

ShangaziKibokoni, saa 6:01
Wanja wa watoto tumeupaka tangu enzi na enzi.

KaimatiMoto, saa 6:02
Shangazi, ndiyo maana mwatuona watatu watatu.

BintiMtongwe, saa 6:10
Kesho nitavuka na wifi yangu. Lakini mavyaa nitamwambia nini? Elfu tatu hazirudi, na mkunga ni mtu wa heshima yake hapa.

MamaLeso, saa 6:16
Hazihitaji kurudi. Mwambie mavyaa kwamba mkunga amelipwa kwa arubaini. Aje kukuogeshea mtoto, akukande miguu na mgongo, akupikie uji wa pilipili manga. Tumbo asiliguse kwa maji moto wala kulifunga leso ya kukaza mpaka daktari aone kidonda, ikiwa utapasuliwa. Mzee atakuja kila siku, mtaa utamuona akiingia na kutoka, na heshima yake itabaki palepale.

NahodhaWaNchiKavu, saa 6:20
Kesho vukeni baada ya saa nne asubuhi, ule msongamano wa wafanyakazi huwa umepungua.