Zukini za kuoka na chizi zinajaa maji, nirekebishe wapi?

pishi_la_leo: Wadau, habari zenu. Zukini (aina ya boga dogo la kijani) kilo 1 slesi nyembamba, mayai 3, krimu ml 200, chizi ya mozarela g 200 juu. Oveni 180°C, dakika 45. Juu panapendeza, ila ukikata unakuta chini maji yametuama na yai limekatika mabonge. Kosa ni oveni au zukini?

mwiko_mrefu: Yote mawili, ila anza na zukini. Ni maji karibu asilimia 95, na slesi nyembamba huyamwaga yote ndani ya yai. Kata unene wa nusu sentimita, nyunyiza chumvi kijiko 1 cha chai, acha kwenye chujio nusu saa, kisha kamua kwa kitambaa kikavu. Usisuuze. Zipange kwenye trei bila kulaliana, oka 220°C kama dakika 15 mpaka kingo zianze kugeuka kahawia. Ukizirundika zitaiva kwa mvuke na hutakuwa umefanya kitu. Kwenye mayai usiongeze chumvi, chizi inayo ya kutosha. Zukini kubwa zilizokomaa, toa moyo wenye mbegu kwanza.

Bi Jikoni: Na hiyo mozarela, ni ile laini inayouzwa ndani ya maji? Basi nayo inachangia. Chukua ile kavu ya pizza g 120, ongeza cheda au gouda g 80 kwa ajili ya ladha. Nusu changanya ndani, nusu weka juu dakika 10 za mwisho. Cheda ikikaa motoni muda mrefu hutoa mafuta.

Yai limekatika kwa sababu limepitiliza kuiva. Koroga unga wa ngano kijiko 1 cha chakula kwenye krimu, shusha moto hadi 170°C, anza kuangalia dakika ya 25. Toa katikati pakiwa bado panatikisika kidogo, na usikate kabla ya dakika 15.

pishi_la_leo: Asanteni sana. Umeme ukikatika, mkaa unafaa?

mwiko_mrefu: Unafaa. Slesi zikaange kwanza kwenye kikaango kikavu. Sufuria nzito, mkaa mwingi juu ya mfuniko, chini vipande vichache tu, la sivyo yai linaungua kabla juu hapajashika.

Kingine: onja kipande kibichi kabla ya yote. Kikiwa kichungu kama shubiri, tema na utupe zukini hiyo. Uchungu huo ni sumu, hauondoki kwa chumvi wala kwa moto.