Askari weusi wa Marekani walianza kupigana wapi?

Mdadisi: Wakuu, naomba kuelimishwa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kila nikisoma kuhusu askari weusi naona Fort Wagner, ngome ya Carolina Kusini, Julai 1863. Hakuna pigano lao kabla ya hapo?

Mzee wa Kumbukumbu: Ipo, mkuu, na inaniuma inavyosahaulika. Island Mound, Missouri, Oktoba 29, 1862. Kikosi cha First Kansas Colored, yaani cha askari weusi kutoka Kansas, wengi wao watu waliotoroka utumwa, waliteka shamba la familia ya Toothman, wakapanga mbao za uzio kuwa ngome na kuiita Fort Africa. Waasi, yaani wapiganaji wa upande wa Kusini, walikuwa wengi kuliko wao, tena juu ya farasi. Wakawasha moto nyikani. Nyasi zikiwaka, kundi dogo la askari likajikuta limetengwa na wenzao. Farasi wakawavamia. Hapo bunduki hazikuwa na nafasi ya kujazwa tena, wakapigana kwa singe na vitako hadi wenzao wakafika. Wanane walikufa, lakini waasi ndio walioondoka.

Binti Pwani: Shikamoo mzee. Walikuwa jeshini rasmi?

Mzee wa Kumbukumbu: Marahaba. Bado! Serikali ya shirikisho iliwaandikisha Januari 1863.