Natafuta mwalimu wa gofu Mombasa, na mimi ni shoto

MtuWaTanga
Habari zenu wakuu. Mimi Mtanzania, ofisi imenihamishia hapa Mombasa kwa mkataba wa miaka miwili, kazi zangu ziko Kilindini na nakaa Tudor. Dar nilishaanza kujifunza gofu pale Lugalo, nilikuwa na mwalimu mmoja mtu mzima, mtaratibu kweli, sasa huku sijui pa kuanzia. Nimeenda klabu moja (jina silitaji) wa mapokezi akaniambia acha namba utapigiwa, mpaka leo kimya. Halafu mimi ni shoto, fimbo zangu zote za kushoto, na jamaa wa kazini ananitisha eti walimu wa huku watanilazimisha nihamie kulia. Ni kweli? Na mwalimu mzuri mnamjuaje kabla hujamwaga hela?

BintiWaKuze
Karibu Pwani kakangu. Ukiwa Tudor usijitese na foleni ya daraja la Nyali jioni, anza na Mombasa Golf Club hapo Mama Ngina. Ni mashimo 9 tu, ukizunguka mara mbili ushapata 18 yako, klabu ya tangu 1911 hiyo, na bahari iko ubavuni mwako. Simu wachana nazo. Nenda mwenyewe asubuhi, vaa shati la kola, jinzi iache nyumbani, kisha kaa upige soga na makedi, wale wanaowabebea wachezaji mikoba ya fimbo. Hao ndio wanaojua pro (mchezaji wa kulipwa anayefundisha) yupi anafundisha na yupi anauza maneno, na mapro wengi wa Kenya wametoka huko huko kwenye kubeba mikoba kwa hivo wanajuana vizuri sana. Waulize tu watoto wa wanachama wanafundishwa na nani. Anayeweza kumtuliza mtoto wa miaka minane na fimbo mkononi, wewe hutamshinda 😂

Chokaa_Mjini
Mimi ntasema ukweli japo hutaupenda. Hamia kulia sasa hivi ungali mchanga. Fimbo za kushoto hapa ni tabu, ikivunjika moja huna wa kumuazima, na mitumba ikija ni za kulia tupu.

MzeeWaGrini
Chokaa we! Mtu ana fimbo zake kamili umwambie azitupe? Phil Mickelson, yule bingwa wa gofu Mmarekani, mkono wake ni wa kulia kwa kila kitu isipokuwa gofu, alipokuwa mdogo alisimama mbele ya babake akamuiga kama anajitazama kwenye kioo, ndio akatokea kupiga kushoto. 2021 kachukua PGA Championship, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, na miaka 50. Kwa hivo MtuWaTanga, mwalimu wa kulia ndio faida yako, mwambie asimame mkabala na wewe umuige. Akikataa au aanze kulalamika kua wewe unamchanganya, shukuru Mungu umemjua mapema.

Hela: lipia somo moja tu. Mwalimu wa maana atakuacha upige mipira kadhaa kimya kimya, aangalie unavyoshika fimbo na unavyosimama, halafu arekebishe kitu kimoja. Akirekebisha vitano kwa saa moja kisha akakutolea bei ya masomo kumi, mpe mkono wa kwaheri. Na uliza atakufundisha nini kuhusu upepo, maana hapo Mama Ngina kusi likivuma mpira wa juu unaondoka na safari zake. Mpira uweke nyuma kidogo kuelekea mguu wa nyuma, shika fimbo chini kidogo, piga nusu nguvu. Hiyo Lugalo sidhani walikusumbua nayo.

BintiWaKuze
Chokaa ana hoja lakini kwa mtu anayeanza bila fimbo. Huyu keshanunua.

MtuWaTanga
Asanteni sana wakuu, kushoto sihami. Jumamosi naenda Mama Ngina kwa makedi kama alivyosema dada. Sasa glavu, mimi ninayovaa ni ya mkono wa kulia na imeshatoboka kidole gumba, hapa mjini napata wapi?

Chokaa_Mjini
Si nilisema 😂 Waulize kwenye duka la klabu kwanza, wakikosa waambie wakuagizie Nairobi, na uchukue mbili.