Shahada ya ualimu wa kilimo: tuanze na chaki au jembe?

Chaki_Mpya: Wakuu, nataka kufundisha kilimo sekondari. Kuna njia mbili: kusoma kilimo na ualimu kwa pamoja tangu mwaka wa kwanza, au kumaliza shahada ya kilimo kisha niongeze ualimu. Ipi bora?

Kokoto: Kilimo kwanza. Kufundisha utajifunzia mbele ya watoto. Ila ujue wengi huko ni waliokosa udaktari wa mifugo.

MamaMbegu: Kokoto, mimi alama za udaktari wa mifugo nilikuwa nazo, tena za kubakiza. Na hiyo "utajifunzia mbele ya watoto" ndiyo inayotuletea walimu wa kunakilisha ubaoni mpaka kengele. Kwenye mazoezi ya kufundisha niling'oa shina la maharage, nikapasua kwa ukucha kinundu cha mzizi, kile chenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani; ndani chekundu, yaani kinafanya kazi. Darasa zima likang'oa! Mmoja vyake vyeupe, akauliza kama vimekufa. Naitrojeni ikajifundisha yenyewe.

Kokoto: Hongera, mama wa alama. Wa kwetu alitufundisha kukamua kwa mchoro. Tulipofika bandani akavuta chuchu kama kamba ya kengele, ng'ombe akapiga teke ndoo.

JembeButu: Kuvuta kuna ubaya gani? Nimekamua hivyo tangu utotoni.

MamaMbegu: Pole yake huyo ng'ombe. Unabana juu kwa gumba na kidole cha shahada, kisha unafunga vidole vilivyobaki kimoja kimoja kushuka. Na matone ya kwanza yaende kwenye kikombe cheusi, uone kama yana mabonge. Hivyo ndivyo unavyougundua ugonjwa wa kiwele mapema.

JembeButu: Kikombe cheusi! Wasomi bwana. Bibi yangu hakuwa nacho na maziwa tulikunywa.

Mzee_Kabati: Turudini kwenye mada. Marekani, sheria ya Smith-Lever ya 1914 ilitoa fedha za somo la kilimo sekondari kwa sharti la mazoezi ya shambani, angalau miezi 6 kwa mwaka. Kama mwanafunzi anadaiwa hivyo, mwalimu wake je?

Kokoto: Mzee, shikamoo, lakini Smith-Lever ni ya ugani, yaani elimu ya wakulima nje ya shule. Hiyo ya shule ni Smith-Hughes, 1917.

Mzee_Kabati: Marahaba. Umesahihisha mwaka, hoja umeiruka.

JembeButu: Nyote mmeruka. Nani aliyepima kwamba kuvuta kunaumiza?

MamaMbegu: Vuta sikio lako asubuhi na jioni, uje utueleze.

Chaki_Mpya: Jamani, mimi niliuliza habari za chuo…

Kokoto: Na wewe unakamua vipi?

Chaki_Mpya: Sijawahi. Nilikuwa nawaza mambo ya mazao tu.

JembeButu: Mwalimu wa kilimo hachagui, dogo. Banda linakusubiri.