Mabati yanakuja, kiwanja bado: mliopitia mafuriko mlifanyaje?

Katibu_wa_Delta
Hamjambo wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya kijiji, Delta ya Tana, Kenya, upande wa Garsen. Maji ya Novemba 2023 yalitutoa, tukarudi tukakandika upya. Ya Mei 2024 yakaja kumalizia. Tangu hapo wengi wetu tuko kwenye mahema na vibanda huku juu karibu na barabara. Sasa kuna mfadhili atatoa mabati, simiti na ujira wa fundi, ila anataka orodha ya majina na mahali pa kujenga kabla mwezi haujaisha.

Vijana wanataka tubaki huku juu. Wazee wanasema miembe na migomba iko kule mtoni, na shamba lisilo na mtu ni la nyani. Halafu malka, njia ya mifugo kwenda mtoni, inapita papa hapa, ng'ombe wa wafugaji huteremka kunywa maji kiangazi. Tukijenga njiani tumejitafutia vita. La pili: mwenye wake wawili aandikwe nyumba moja au mbili? Kikao cha juzi kilivunjikia hapo.

Fundi wa Kibiti
Poleni sana. Sisi wa Rufiji, Tanzania, tulikuwa majini miezi ileile ya 2024, na hili la juu au chini tunalo tangu enzi za babu zetu. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamishia watu nyanda za juu kwenye vijiji vya ujamaa. Mashamba yakabaki bondeni. Watu walifanyaje? Msimu ukifika wanashuka, wanakaa kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wanalinda mpunga, wakishavuna wanarudi juu. Kwa hiyo wazee wako hawajakosea na vijana hawajakosea. Nyumba ya bati iwe juu, dungu liwe shambani. Mwambie mfadhili mapema atenge nguzo na mbao za dungu, la sivyo watu watang'oa bati huko juu walishushe mtoni. Nimeona kwa macho yangu.

Kuhusu kimo, msikubali mtu akadirie. Nendeni kwenye miembe, matope ya mafuriko huacha mstari kwenye shina. Chukua mpira wa maji ule wa mafundi wa kupimia usawa, hamisha mstari huo mpaka kwenye kiwanja, piga msumari kwenye kigingi. Sakafu ipite msumari. Mistari ya chini ya ukuta jenga kwa tofali za saruji, juu endelea na fito na udongo kama mlivyozoea. Saruji yote ikiishia sakafuni mmeumia.

Bintimto
Katibu, kabla ya mpira wa maji itisheni baraza na wafugaji, na msiwaite kuja kuambiwa tu. Wao ndio wanaojua malka inapanuka kiasi gani mwaka wa ukame. Tembeeni nao, mpige vigingi pande zote mbili ndipo mgawe viwanja. Na hiyo ardhi imesajiliwa? Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba yenu. Chifu kuwaonyesha kwa kidole si hati. Anzeni usajili sasa, kamati yake ni ya watu 7 hadi 15 waliochaguliwa na mkutano wa jamii, na msiijaze wanaume watupu.

Wake wawili: hesabuni majiko. Kila mama anayepika na kulisha watoto wake aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Wajane hivyohivyo, hata kama shemeji ananuna.

Mzee wa Orodha
Bintimto, mfadhili ataona majina mawili ya mume mmoja aseme tunamwibia.

Bintimto
Mzee wangu, ndiyo maana orodha isomwe barazani, ibandikwe kwenye mti kila mtu aione. Mwizi hapendi hivyo. Na ujira usitolewe kwa mkupuo. Sindh, Pakistan, baada ya mafuriko ya 2022 walikuwa na nyumba zaidi ya milioni 2 za kujenga. Mwenye nyumba alipewa rupia 300,000 kwa awamu katika akaunti yake, msingi unakaguliwa ndipo awamu inayofuata inatoka, anajenga mwenyewe na fundi wake. Huku kwetu ni M-Pesa tu.

Katibu_wa_Delta
Ahsanteni. Nimempigia mfadhili: majiko amekubali, dungu anasema halimo kwenye bajeti yake. Nimemjibu apunguze mifuko ya simiti ya sakafu, sisi sakafu tutashindilia udongo. Anafikiria. Wazee wa malka wanakuja Jumamosi, mbuzi tumeshapata. Fundi, nguzo za dungu kule kwenu mnatumia mti gani? Za hapa mchwa hawaziachi hata mwaka.

Fundi wa Kibiti
Mikoko, lakini kwa kibali cha misitu. Ukikosa, miti yoyote migumu, uibabue moto sehemu ya kuchimbia na kuipaka oili chafu. Bati chukueni geji 28, geji 32 ni karatasi.