Naomba ushauri: programu inasema plaiwudi 6, mzee anasema 8

RandaIsevya: Wakuu, nina karakana ndogo hapa Isevya, Tabora. Nimepata tenda ya milango 48 ya makabati ya bweni, kila mmoja sm 70 kwa 45. Plaiwudi ni sm 244 kwa 122. Programu ya simu imepanga milango 8 kwa kila moja, yaani plaiwudi 6. Mzee ninayefanya naye kazi ameng'ang'ania 8. Nimsikilize nani? Usingizi sipati.

PimaMbili: Programu hizo ni za hyuristiki. Mipangilio ni mingi mno, haiwezi kuijaribu yote, basi inafuata kanuni ya haraka: kikubwa kwanza, kisha ziba mapengo. Watafiti Gilmore na Gomory walichapisha njia yao ya hesabu ya kupanga ukataji mwaka 1961. Umeiambia kwamba msumeno unakula milimita 3?

MamaCherehani: Plaiwudi ina sura gani? Mimi niligeuza kitenge ili kitoshe, kuku wakatoka miguu juu mgongoni. Nilimlipa mwenye kitambaa.

RandaIsevya: Milimita nimeweka. Ina veniya (ganda jembamba la mbao) ya mninga, nyuzi za mbao zinafuata urefu. Mteja alitaka zisimame. Lakini ikishapigwa vanishi nani ataangalia? Na zile 6 nimeshanunua kwa malipo yake ya awali.

KakaUjiji: Malipo ya awali ni amana, ndugu yangu. Ila hii naona chai. Upana unaingia miwili, urefu mitatu: sita. Nane umeitoa wapi?

PimaMbili: Nimechora, si chai. Mitano ilale ikifuatana, 45 mara 5 ni 225. Unabaki utepe wa sm 51 na ushee, humo inasimama mitatu. Ila ile mitano nyuzi zinalala! Zuia kugeuza vipande kwenye programu, itakupa sita kwa plaiwudi. Mzee yuko sahihi.

MamaCherehani: Umeshakata?

RandaIsevya: Moja. Nimeegemeza vipande ukutani sasa hivi. Mitatu nyuzi zinapanda, mitano zinakatiza. Hata ukiwa barabarani unaona.

PimaMbili: Basi una milango 3, na plaiwudi 5 zitatoa 30. Imepungua 15, kwa hiyo ongeza plaiwudi tatu, si mbili. Ile mitano ifanye rafu za ndani.

RandaIsevya: Pesa ya hizo tatu sina. Kesho nampigia mteja kabla sijawasha msumeno.